Goti linajikunja, ngumi haifungi: huu ni uzee tu?

Swali

Wanangu wa safu hii, salaam.

Mimi ni fundi seremala hapa Korogwe, umri wangu miaka 67. Miaka kama minne sasa goti la kushoto linajikunja lenyewe. Haliumi. Natembea vizuri tu, mara linaachia na niko chini. Lilianzia kwenye mteremko, sasa hata uani kwangu naanguka, na safari moja nilipasuka kichwa nikashonwa.

Baadaye mkono wa kushoto ukafuata. Patasi inanitoka, plaizi siwezi kuiminya, na nikikunja ngumi vidole vinaishia njiani bila kufika kiganjani. Wa kulia nao umeanza, ila si sana. Mapaja yamenyauka kwa juu ya goti, suruali zinapwaya. Kiti kikiwa kifupi mpaka mjukuu anivute. Choo chetu ni cha kuchuchumaa: kushuka nashuka, kupanda ndiyo kazi, na hapo sitaki kusema zaidi. Tangu mwanzo wa mwaka ugali unaninasa kooni, tonge moja nalimeza mara mbili tatu. Ganzi sina, macho mazima, haja ndogo inakwenda kama kawaida.

Nimezunguka sana. Kwanza niliambiwa baridi yabisi, nikachomwa sindano za vitamini. Kisha nikaambiwa ni uzee. Daktari mwingine akasema damu inaonyesha misuli imevimba, akanianzishia prednisoloni miligramu 30 kwa siku. Huu mwezi wa nane nameza. Uso umejaa, sukari imepanda, nguvu haijarudi, naona hata imepungua. Mahali pengine wakaniambia ini lina tatizo kwa kuwa AST na ALT zimepanda, wakaniuliza nakunywa kiasi gani. Sijawahi kuonja pombe. Natumia pia vidonge vya presha, amlodipini na haidroklorothiazidi, na tangu mwaka jana atorvastatini ya mafuta.

Nyumbani kila mtu na lake. Mama watoto anataka niache kazi nilale. Ndugu zangu wanasema nimechezewa, twende kwa mtaalamu. Kijana wangu wa Dar anataka nipigwe MRI ya mwili mzima. Naomba mniambie: huu ni uzee au ugonjwa? Na kama haujulikani, niishi nao vipi? Nikiendelea na kazi nitamaliza misuli iliyobaki?

Fundi, Korogwe

Jibu

Shikamoo Mzee. Pole kwa miaka minne ya kuzungushwa, na ahsante kwa barua iliyotaja kila kitu mahali pake. Kwenye maradhi ya misuli, nusu ya jibu iko kwenye swali la msuli gani umetangulia, na wewe umelijibu bila kuulizwa.

Huu si uzee. Uzee hupunguza nguvu za mwili mzima, kulia na kushoto karibu sawa. Mtu mzima wa rika lako mwenye afya, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, huinuka kwenye kiti cha kawaida mara tano ndani ya sekunde 15. Udhaifu wako umechagua. Umechukua msuli mkubwa wa mbele ya paja, ule unaonyoosha goti. Umechukua misuli iliyo kati ya kiwiko na kiganja, inayokunja vidole. Umezidi kushoto, kisha ukaingia kooni. Goti linaachia bila maumivu kwa sababu hiyohiyo: unapokanyaga, msuli wa paja ndio unaolizuia lisijikunje, na kwenye mteremko kazi yake huongezeka. Ukishindwa, mwili hushuka wima kabla mikono haijawahi kujikinga. Ndiyo maana uliumia kichwa badala ya viganja.

Upo ugonjwa unaofuata mpangilio huu karibu hatua kwa hatua. Ni aina ya mayositisi, yaani kuvimba kwa misuli kwa ndani, ambayo madaktari huiita kwa herufi tatu, IBM (kwa Kiingereza, inclusion body myositis). Huanza baada ya miaka 45, huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, hutambaa kwa miaka, na mara nyingi upande usiotumika sana ndio unaotangulia. Jambo linalotufanya tuutaje ni kwamba hausikii prednisoloni. Wengi huanza kwa kuambiwa wana polimayositisi, ambayo ni mayositisi nyingine inayotibika kwa prednisoloni, wakameza vidonge miezi na miezi wakibaki na madhara tu. Hatusemi ndio ulio nao, kwa sababu hatujakugusa. Tunasema daktari atakayekuona anapaswa kuufikiria, na ukimtajia hizo herufi tatu hujavunja adabu.

Kabla ya kufika huko, kuna mambo yanayotibika ambayo lazima yaondolewe kwanza, na mengine yamo kwenye mfuko wako wa dawa.

Prednisoloni ikitumika kwa miezi hulegeza misuli ya nyonga na mapaja. Haidroklorothiazidi hutoa potasiamu kwenye mkojo, na prednisoloni nayo huitoa. Ukizimeza pamoja kila siku bila kupima, potasiamu inaweza kushuka, na potasiamu ikishuka misuli hukosa nguvu hata kama haina ugonjwa mwingine. Kwa hiyo sehemu ya nguvu uliyopoteza miezi hii minane inaweza kuwa ni ya dawa, na hiyo hurudi. Lakini Mzee, tafadhali, usiiache prednisoloni kwa ghafla. Mtu akiitumia zaidi ya wiki tatu, tezi zilizo juu ya figo hulala na kuacha kutengeneza homoni yake ya asili. Ukikata mara moja presha inaweza kuanguka, ukatapika na kuzimia, na watu hufa kwa hilo. Daktari huipunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, akikupima. Mwambie wazi: miezi minane, miligramu 30, nguvu haijaongezeka, sukari imepanda. Hiyo peke yake inatosha kumfanya aitazame upya.

Atorvastatini haiwezi kuwa chanzo, maana umeianza mwaka jana na goti lina miaka minne. Inaweza hata hivyo kuongeza udhaifu juu ya udhaifu. Muulize daktari kama inafaa kuisimamisha kwa muda na kurudia kipimo cha misuli. Hapa pia usijiamulie, hasa kama umewahi kuambiwa una tatizo la moyo.

Sasa damu. Omba vipimo hivi kwa pamoja: CK, potasiamu, kalisiamu, kazi ya tezi ya shingo (TSH), sukari ya miezi mitatu (HbA1c), vitamini B12, vitamini D kama maabara inaipima, figo, na VVU. Usishtuke kwa hicho cha mwisho. VVU huweza kuandamana na mayositisi ya aina hii hii, na umri haumwondoi mtu kwenye orodha ya kupimwa.

CK ndiyo kipimo cha misuli yenyewe, na huharibiwa kwa urahisi. Siku tatu hadi saba kabla ya kutoa damu usipige randa kwa nguvu, usibebe mbao, na usichomwe sindano ya msuli, kwa sababu vyote hivyo huipandisha. Ikiwa umeanguka vibaya wiki hiyo, sema. Omba upewe namba pamoja na kiwango cha maabara, usikubali kuandikiwa tu "imepanda". Watu weusi, hasa wanaume, huwa na CK ya juu kidogo hata wakiwa wazima, hivyo kuzidi kidogo mstari wa maabara siyo ugonjwa. Kwenye IBM CK huwa ya kawaida au imepanda kiasi, na ni nadra kuzidi mara 15 ya kiwango. Ikija kwa maelfu mengi, daktari atafikiria kitu kingine, pamoja na ile mayositisi adimu inayoweza kuamshwa na dawa za mafuta na kuendelea hata baada ya kuziacha. Hiyo ina tiba, na haipaswi kusubiri.

Kuhusu ini, tunadhani ulionewa. AST na ALT hazitoki kwenye ini peke yake, zimo pia ndani ya misuli. Msuli unaoharibika huzimwaga kwenye damu, na mtu asiyejua huandika "ini". Kipimo kinachotofautisha ni GGT, kwa kuwa hicho hakitoki kwenye misuli. GGT ikiwa ya kawaida huku CK imepanda, ini lako halina kesi. Jambo la kinyume chake linahusu figo: kreatinini hutengenezwa na misuli, kwa hiyo mtu aliyenyauka huonyesha kreatinini nzuri hata kama figo zimechoka. Mkumbushe daktari kabla hajakuandikia dawa za maumivu.

Kuna magonjwa matatu mengine ambayo daktari atayatafuta kwa macho na nyundo yake. La kwanza ni uti wa mgongo kubanwa shingoni. Huko mikono huwa mizito na yenye ganzi, miguu hukakamaa badala ya kulegea, na mkojo huanza kusumbua. La pili ni mayasthenia, ambayo hubadilika ndani ya siku moja: asubuhi nafuu, jioni kope zinaanguka na vitu vinaonekana viwili. La tatu ni ugonjwa wa mishipa inayoendesha misuli, ule ambao nyama huchezacheza chini ya ngozi na ulimi hunyauka, na kasi yake ni ya miezi, si miaka. Barua yako haifanani sana na yoyote kati ya hayo, lakini shingo na ulimi wako vitazamwe.

Kabla ya kwenda, jiandalie karatasi moja. Andika mwezi na mwaka goti lilipoanza, mkono ulipofuata na koo lilipofuata. Chini yake weka majaribio haya, mtu akiwa amesimama karibu yako kukudaka. Moja, kiti cha sentimita 45: unainuka bila mikono? Ukishindwa, pima urefu wa kiti cha kwanza unachoweza kuinukia. Mbili, ukiwa umekaa, nyoosha goti mpaka mguu ulale sambamba na sakafu, halafu mtu aukandamize kwa kiganja kwenye kifundo: unashindana naye au unashuka? Fanya kushoto na kulia. Tatu, kunja ngumi: kucha za vidole vipi bado zinaonekana? Piga picha ya ngumi zote mbili. Nne, tembea mita 4 kwa mwendo wako na uhesabu sekunde; zikizidi 5 mwendo umepungua. Rudia karatasi hiyo kila miezi mitatu, kiti kilekile, viatu vilevile. Daktari akiona namba za mwaka mzima haulizi tena kama ni uzee.

Kwa mahali ulipo, rufaa ya kanda ni KCMC Moshi, na gari linakushusha barabara hiyohiyo ya kupitia Same. Muhimbili nayo inafaa kama kijana wako atakupokea. Omba rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Apigiwe simu mtu wa huko kwanza kuuliza kama kipimo cha umeme wa misuli, EMG, kinafanyika siku hizo, maana nauli hupotea kwa kutokuuliza. EMG hufanywa kwa sindano nyembamba, nayo huumiza msuli kidogo. Kwa sababu hiyo damu ya CK itolewe kabla yake, na kama kitachukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha msuli cha kwenda kupimwa, kichukuliwe upande ambao sindano haikuingia.

Kinyama ndicho kinachomaliza ubishi, na ndicho kinachoharibiwa zaidi. Kitolewe kwenye msuli uliolegea kiasi. Uliokwisha kabisa hutoa mafuta na makovu, na mzima haujaguswa bado. Kipande kikubwa kinatakiwa kugandishwa mara moja. Kikitumbukizwa chote kwenye formalini, baadhi ya vipimo haviwezekani tena. Kwenye IBM mtaalamu hutafuta chembe za kinga zilizoingia ndani ya nyuzi za msuli, vijishimo vyenye ukingo, na marundo ya protini. Uliza kabla ya kukatwa: kitasomwa wapi, na nani? Kama hakuna wa kukisoma, ni afadhali kutegemea umbo la udhaifu, CK na EMG kuliko kukatwa bure.

Kijana wako ana nia njema, ila MRI ya mwili mzima si matumizi mazuri ya fedha zake. MRI ya shingo inafaa kama daktari atakuta dalili za uti kubanwa. MRI ya mapaja inafaa kwa kuchagua mahali pa kukata kinyama. Kuhusu malipo, pita kwanza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Sera ya afya inawatambua wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza kwa msamaha wa matibabu katika vituo vya serikali. Nenda na barua ya mwenyekiti wa mtaa na kitambulisho.

Kwa ndugu, hatutaki uvunje undugu. Dua na maombi hayamdhuru mtu. Kinachodhuru ni chale na kuumikwa wakati unameza prednisoloni, kwa kuwa kidonda hakiponi vizuri na usaha huingia, na unga usiojulikana wa kumeza, ambao mara nyingine huwa umechanganywa na dawa hiyohiyo ya jamii ya prednisoloni. Wakikuomba, kubali dua, kataa wembe na kikombe. Sindano za vitamini nazo ziishie hapo mpaka B12 ipimwe. Vitamini B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na wewe huhitaji tatizo la pili.

Kama mwisho wa yote itakuwa IBM, ujue wazi: mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuuzuia. Hutambaa polepole, wengi baada ya miaka 10 au 15 huhitaji kiti cha magurudumu, na kwa kawaida haukatishi maisha moja kwa moja. Hatari zake ni mbili: kuanguka, na chakula kuingia njia ya hewa. Kwa hiyo hata kabla jina halijajulikana, nyumba yako ianze kubadilika leo. Hapa ufundi wako unakuja juu kuliko wetu.

Anza na kiti. Kwa paja lililolegea, kila sentimita inahesabika. Inua kiti chako kutoka 45 mpaka 55. Kata vigingi vinne vya mbao ngumu, vipana sentimita 12 kwa 12, virefu 13, toboa shimo la kina cha 3 kwa kila kimoja ili mguu wa kiti ukae ndani. Utapata kumi kamili na kiti hakitateleza. Kitanda kifanyie vivyo hivyo. Usiongeze mto laini, kwa sababu nyonga hudidimia na faida hupotea. Mikono ya kiti iwe juu ya kikalio kwa sentimita 20 hivi na ifike mbele kabisa, kwa sababu ukiinuka unasukuma chini ukiwa ukingoni.

Choo kiundie kasha la kukalia juu ya tundu: urefu sentimita 50, tundu la duara refu 20 kwa 28, miguu iliyotanuka kwa nje kiasi cha sentimita 5 kila mmoja ili lisipinduke, na vanishi mara tatu liweze kuoshwa. Pembeni weka mihimili urefu wa 70 hadi 75 kutoka sakafuni. Watu wengi hapa huweka bomba la mviringo, na kwako halifai: vidole vyako haviwezi kulishika. Weka ubao bapa wenye upana wa sentimita 10, ulaze mkono mzima kuanzia kiwiko na ujisukume kwa uzito wa mwili. Nguzo zichimbiwe na kumwagiwa zege. Zikifungwa kwenye bati au plasta, siku ya kuzihitaji ndiyo siku zitakapong'oka.

Fimbo ishikwe mkono wa kulia, kinyume cha goti baya. Urefu wake ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama na viatu, mkono ukining'inia. Ncha iwe na mpira. Kupanda ngazi, mguu mzima utangulie. Kushuka, fimbo na mguu mbovu vitangulie. Hatua ziwe fupi, kisigino kitue goti likiwa limenyooka, na usigeuke ghafla. Kandambili ziache kabisa, tafuta viatu vyenye mkanda wa nyuma na soli nyembamba isiyoteleza. Kama goti la kushoto linaendelea kuachia, Moshi hapo KCMC kuna TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanzishwa 1981. Ulizia kifaa chepesi cha kulishikilia goti. Kizito kitakuchosha nyonga na utakitundika ukutani.

Siku utakapoanguka, watu wasikuvute kwa mikono wala makwapa, bega hutoka. Njia ya kupiga magoti nayo haitakufaa, maana inataka msuli uleule uliokufa nguvu. Tengeneza makasha matatu imara, urefu sentimita 15, 30 na 45. Ukae, mgongo ukielekea kasha la kwanza, sukuma kwa viganja na visigino mpaka kikalio kipande, pumzika dakika moja, kisha la pili, kisha la tatu, kisha kiti. Jifunze hilo na wajukuu siku ambayo hujaanguka. Simu ndogo iwe kwenye kamba shingoni muda wote.

Kumeza kunataka utaratibu. Kaa wima, miguu sakafuni, tonge liwe nusu ya ulilozoea, lilowe mchuzi, na ulainishe ugali kwa kuupika mwepesi kuliko kawaida. Kidevu kiinamishe kidogo wakati wa kumeza, meza mara ya pili hata kama umeona limepita, kisha funda dogo la maji kwa kijiko kama maji hayakukohozi. Usizungumze chakula kikiwa mdomoni. Baki umekaa nusu saa baada ya kula. Vidonge vimeze na uji mzito au ndizi iliyopondwa, lakini uliza kwanza kabla ya kusaga kidonge chochote. Dalili mbaya ni kukohoa kila mlo, sauti kuwa ya majimaji baada ya kunywa, kupungua uzito, na homa za kifua zinazojirudia. Zikitokea, omba kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo, kwa sababu msuli unaobana mlango wa umio unaweza kulegezwa au kupanuliwa.

Chakula kisipungue. Mwili wako unahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, figo zikiwa nzima. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Yai lina kama 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, samaki gramu 100 ana kama 20, glasi ya maziwa 8. Gawa kwenye milo mitatu badala ya kuziweka zote usiku.

Na kazi, Mzee: usiache. Mazoezi mepesi yaliyosimamiwa yamepimwa kwa wagonjwa wa IBM na hayakuongeza uharibifu, ilhali kulala kitandani humaliza hata msuli mzima. Siku tatu kwa wiki, zikipishana, inuka na kukaa kwenye kile kiti cha 55 mara 5 hadi 8, pumzika, rudia raundi ya pili. Siku nyingine tembea dakika 10 mahali tambarare, kwa mwendo unaoweza kuongea. Kipimo cha kuzidisha ni kesho yake: ukiamka dhaifu kuliko jana, punguza kwa theluthi.

Karakanani tunakuomba jambo moja bila kulilainisha. Msumeno wa mashine na randa ya mashine usiziguse tena. Mkono usioshika na goti linaloachia bila taarifa, mbele ya meno yanayozunguka, ni ajali inayosubiri siku. Mengine yanawezekana. Kazi ya kushikilia wape jiliwa na vibano badala ya mkono wa kushoto. Mipini ya patasi na bisibisi izungushie mpira wa ndani wa baiskeli mpaka unene ufike sentimita 3.5 hadi 4. Msasa ufunge kwenye kipande cha ubao chenye mkanda unaopita juu ya kiganja, usihitaji kuushika. Fanya kazi ukiwa umekaa kwenye stuli ya juu yenye egemeo, na kupima, kuchora na kukagua viungo viwe vyako huku vijana wakibeba.

Usisubiri rufaa, nenda hospitali siku hiyohiyo kama pumzi inakukata ukilala chali, kama miguu inalegea ndani ya saa au siku chache, kama mkojo unaziba au unatoka wenyewe, kama mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi, au kama umeanguka na nyonga inauma. Prednisoloni ya miezi minane hupunguza uimara wa mifupa, hivyo maumivu ya nyonga au mgongo baada ya kuanguka yapigwe picha hata kama unatembea. Muulize daktari pia kuhusu kalisiamu na vitamini D.

Wiki hii fanya mawili: pima potasiamu na sukari, na urudi kwa daktari aliyekuandikia prednisoloni na karatasi yako mkononi. Majibu ya CK na TSH yakitoka, tuandikie namba zenyewe pamoja na viwango vya maabara, na utuambie kucha za vidole vipi zinaonekana ukikunja ngumi.